Nani Amefeli? Historia fupi ya kitenzi tulichopewa na mtihani

Vitenzi vya Kiingereza vimeingia Kiswahili kwa milango tofauti. Vingine vimepitia ofisini, kama kusaini na kuripoti. Vingine vimekuja na simu ya mkononi, kama kuchaji. Kimoja kiliingia kwa mlango wa darasa, kikakaa dawati la mbele, na mpaka leo hakijahitimu: kufeli.

Kila matokeo ya mtihani wa taifa yanapotoka, kitenzi hiki hufanya kazi kuliko vyote. Kiko kwenye vichwa vya habari, kiko kwenye vibaraza, kiko kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo. Nangwa, chini ya Mlima Hanang mkoani Manyara, hali haina tofauti na Mbagala au Mwanjelwa. Mtu anahangaika na mtandao, namba ya mtahiniwa imeandikwa kwenye kipande cha karatasi, jirani anauliza kwa sauti ya chini, na jibu ni neno moja tu. "Kafaulu." Au, "Kafeli." Hakuna anayeuliza kafeli nini, kwa kipimo gani, au kwa lugha gani. Neno likishatamkwa, maelezo yamekwisha.

Swali langu hapa ni dogo na la kisarufi. Kila kitenzi kina mtendaji. Je, mtendaji wa "kufeli" ni nani?

Tuanze mbali kidogo. Kiingereza hakikukizaa kitenzi fail. Kilikipata kutoka Kifaransa cha kale, baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066 na lugha yao kuwa ya mahakama na ya wakubwa. Kufikia karne ya 13 Waingereza walikuwa wanakitumia kama chao. Wafaransa nao walikirithi kutoka Kilatini, kwenye kitenzi fallere, ambacho maana yake ilikuwa kudanganya, kuhadaa, kumtelezesha mtu. Katika ukoo huohuo wa Kilatini kuna neno false, yaani cha uongo, na neno fault, yaani kosa au kasoro.

Tazama vizuri hapo kwenye Kilatini. Mtendaji ni yule anayedanganya. Aliyeanguka ni mtendwa. Ukiteleza kwa sababu ya utelezi, utelezi ndio uliotenda.

Kwenye Kifaransa mambo yakaanza kugeuka. Faillir ikawa kukosekana, kupungukiwa, kukosea. Mpaka leo Mfaransa hulitumia kusema "nusura": akisema nusura aanguke, kitenzi anachotumia ni hichohicho. Na kitenzi kingine cha ukoo huo kikawa ndicho chao cha kusema "lazima", kana kwamba kinachokosekana ndicho kinachohitajika. Sioni ubaya wa lugha iliyoona kwamba kati ya kukosa, kuhitaji na nusura kupata, umbali ni mdogo.

Kiingereza kikakipanua zaidi. Kwa Mwingereza, mazao yanaweza ku-fail, moyo unaweza, benki inaweza, maneno yanaweza, ujasiri unaweza. Mwanafunzi anaweza ku-fail mtihani. Lakini pia mwalimu anaweza kum-fail mwanafunzi kwa maana ya kumnyima alama za kupita, na shule nzima inaweza kum-fail mtoto, yaani kumwangusha, kutomtimizia ilichoahidi. Kitenzi kimoja, viti vitatu. Anayetajwa na kitenzi anaweza kuwa mtoto, anaweza kuwa mwalimu, anaweza kuwa shule.

Wapenzi wa tamthilia watakumbuka kwamba kitenzi hiki kina mahali pake maarufu katika Macbeth ya Shakespeare, mchezo ambao S. S. Mushi aliutafsiri kwa Kiswahili kama Makbeth mwaka 1968. Mume anasitasita kabla ya mauaji, anauliza itakuwaje mambo yakiharibika, na mke anamrudishia neno hilohilo. Waigizaji wamebishana kwa karne nyingi jinsi ya kulitamka jibu lile: kama swali, kama mshangao, au kama mtu aliyekubali tu kwamba likiharibika limeharibika. Mimi kinachonivutia ni nafsi. Wote wawili, mume na mke, wanasema "sisi". Hakuna anayemwachia mwenzake.

Sasa tuje nyumbani. Kiswahili kililivalisha fail irabu mwishoni, kikapata feli, na kwa kuwa kitenzi chenye asili ya kigeni hakilazimiki kuishia na "a", kikaketi pamoja na jibu, fikiri na samehe bila taabu. Kuna kichekesho kidogo hapa. Kiswahili cha pwani kilikuwa tayari na nomino feli, ya asili ya Kiarabu, yenye maana ya kitendo, hasa kitendo kibaya. Neno lenyewe la Kiarabu, fi'l, ndilo pia wanasarufi wa Kiarabu wanalolitumia kuita kitenzi. Feli ya Kiarabu na feli ya Kiingereza hazina undugu wowote, lakini zilipokutana ndani ya Kiswahili zilifanana sura na kidogo hata tabia: moja ni tendo baya, nyingine ni matokeo mabaya.

Si kwamba hatukuwa na maneno. Mtihani ulishindwa au ulishinda. Kuna waliosema, na wapo wanaosema mpaka leo, "ameanguka mtihani". Hata neno mtihani lenyewe, kutoka Kiarabu, lilikuwa na uzito mkubwa kuliko karatasi: maradhi ni mtihani, umaskini ni mtihani, dunia yote ni mtihani. Ukishindwa jambo la namna hiyo, watu wanakuja kukupa pole. Ukifeli, wanakuja kuuliza ulikuwa unafanya nini shuleni.

Na angalia tulipolipeleka neno. Kwa Kiswahili cha Tanzania, feli ina makao matatu makubwa: mtihani, mashine na hospitali. Mwanafunzi amefeli. Lori limefeli breki. Figo zimefeli. Lakini mkulima wa Hanang ambaye mahindi yake hayakupata mvua hasemi kwamba mahindi yamefeli. Atasema yamekauka. Atasema mvua imekata mapema. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe kwa ukame hajafeli ufugaji. Amepatwa na ukame. Rafiki asiyetokea siku ya msiba hajafeli, "ameniangusha". Biashara iliyoshindikana imekufa, imeyumba, imefilisika. Hayo yote Mwingereza angeweza kuyabeba kwa kitenzi chake kimoja. Sisi tulichagua. Kwenye mambo tuliyoyajua kabla ya shule, tulibaki na maneno yetu, na maneno hayo mara nyingi yanataja sababu.

Ukilinganisha yale makao matatu unaona jambo lingine. Lori likifeli breki mteremkoni, hakuna anayesema lori lina akili ndogo. Polisi wanauliza nani alilikagua, mara ya mwisho ilikuwa lini, mwenye gari ni nani. Figo zikifeli, daktari anauliza shinikizo la damu, kisukari, dawa ulizokuwa unatumia. Kwenye gari na kwenye mwili, kufeli ndiko kunakoanzisha uchunguzi. Kwenye mtoto, kufeli ndiko kunakoufunga.

Mtu mmoja aliliona hili mapema, na alikuwa Rais. Machi 1967 Julius Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Watu wengi wanalikumbuka kwa mashamba ya shule na majembe. Wachache wanakumbuka kwamba ndani yake kuna hoja kuhusu kitenzi hiki. Nyerere alieleza kwamba wakati ule ni kama asilimia 13 tu ya watoto wa shule za msingi waliokuwa wanapata nafasi ya sekondari. Waliobaki walirudi nyumbani wakijiona wameshindwa, wamenyimwa haki waliyoitarajia. Kisha akaongeza, kwa maneno yangu, kwamba hata sisi watu wazima tunawasema hivyo: tunawaita watoto waliofeli kuingia sekondari, badala ya kuwaita tu watoto waliomaliza elimu ya msingi.

Hebu tukae na hoja hiyo kidogo. Kama nafasi ni 13 kwa kila watoto 100, basi 87 watabaki nje hata kama wote 100 wamejibu vizuri. Hapo mtihani haupimi nani anajua na nani hajui. Unahesabu viti. Ndiyo maana kwa miaka mingi kwenye vijiji vyetu neno la haki lilikuwa "kuchaguliwa": fulani kachaguliwa, fulani hakuchaguliwa. Neno hilo lilikiri kwamba kuna mchaguaji. Lakini taratibu "hakuchaguliwa" likageuka "amefeli darasa la saba", na mchaguaji akatoweka kwenye sentensi. Uhaba wa madarasa wa nchi nzima ukaandikwa kwa jina la mtoto wa miaka 14.

Nyerere alitaka kitenzi kingine: kumaliza. Hapa lugha yenyewe ina siri. Wachunguzi wa historia ya Kiswahili wanaeleza kwamba kile kiambishi -me- tunachokitumia kusema "amefika" au "amekula" kinatokana na kitenzi cha kale mala, kilichomaanisha kumaliza, ambacho maliza ni mtoto wake. Kwa hiyo kila tunaposema "amefeli", "maliza" imo humo ndani, imemezwa. Na ndiyo tofauti kati ya "alifeli" na "amefeli". La kwanza ni tukio la siku fulani. La pili ni hali ambayo mtu bado anatembea nayo sokoni.

Mwaka mmoja na miezi saba baada ya andiko lile, mtu wa Mbulu aliufanyia mfano mbele ya dunia. Tarehe 20 Oktoba 1968, kwenye marathoni ya Olimpiki jijini Mexico, John Stephen Akhwari alianguka na kuumia goti. Mji ule uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake nyepesi iliwatesa wengi. Hata Abebe Bikila wa Ethiopia, bingwa wa 1960 na 1964, alijitoa njiani. Mwethiopia mwingine, Mamo Wolde, akashinda. Zaidi ya saa moja baadaye, giza limeshaingia, Akhwari akaingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bandeji. Alikuwa wa 57, na waliomaliza walikuwa 57. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 kwenda kuanza mbio, ilimtuma akazimalize.

Kwa hesabu ya karatasi ya matokeo, yule ni wa mwisho. Lakini nenda Mbulu, nenda Hanang, utafute mtu atakayekwambia Akhwari alifeli. Miaka miwili baadaye alikuwa wa tano kwenye marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh. Mwaka 1978 kijana wa Hanang, Gidamis Shahanga, akaichukua dhahabu ya marathoni ya michezo hiyohiyo huko Edmonton. Watu wa ukanda huu wanajua kwa miguu yao wenyewe kwamba kumaliza ni kitenzi kamili, hakihitaji namba.

Shule hazikwenda njia hiyo. Tanzania ilijitoa kwenye baraza la mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na mwaka 1973 Bunge likaunda Baraza la Mitihani la Taifa, NECTA. Mitihani ikawa yetu. Kitenzi kikabaki kilekile.

Siku ambayo kitenzi hicho kiliumbuka ilikuja Februari 2013, matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotangazwa. Zaidi ya vijana 240,000, karibu asilimia 60 ya watahiniwa wa shule, walipata daraja sifuri. Ziro. Nchi ilitikisika. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume, ikiongozwa na Profesa Sifuni Mchome. Mwezi Mei Serikali ikalitangazia Bunge kwamba matokeo yale yamefutwa na yatapangwa upya, kwa kuwa mwaka ule kilitumika kipimo kipya cha kupanga alama. Yalipopangwa upya, waliopata sifuri walipungua kwa makumi ya maelfu, ingawa walibaki bado zaidi ya 200,000.

Rudia kusoma hapo polepole. Kuna kijana aliyekuwa amefeli Februari na akawa amefaulu Mei. Kati ya miezi hiyo hakuandika neno jipya. Hakusoma kitabu, hakurudi darasani, hakukaa tuisheni. Karatasi yake ilikuwa ileile, na makosa yake yaleyale. Kilichobadilika ni mstari uliochorwa na watu wazima ofisini. Sasa nani alikuwa amefeli mwezi Februari? Na wale ambao waliondoka nyumbani kwa aibu Machi na Aprili, kabla ya mstari kusogezwa, walibeba kosa la nani?

Mwaka huohuo ikatangazwa kwamba daraja sifuri litaitwa daraja la tano. Watu walipiga kelele, na walikuwa na haki. Kubadilisha jina la shimo si kulifukia. Lakini hata kelele zile zilionyesha kwamba, ndani kabisa, kila mtu alijua tatizo lilikuwa kubwa kuliko mtoto mmoja mmoja.

Sisemi kwamba mitihani ifutwe, wala kwamba hakuna mwanafunzi mvivu. Wapo. Kuna anayetoroka vipindi, kuna anayechora vikatuni kwenye karatasi ya majibu. Mhandisi asiyejua hesabu ataua watu, na tunahitaji njia ya kumjua mapema. Ninachosema ni kwamba kitenzi chetu hakiwatofautishi. Mvivu wa mjini mwenye maktaba, na mtoto ambaye hakuwa na mwalimu wa fizikia tangu kidato cha kwanza, wote "wamefeli".

Na huku Hanang na Mbulu kuna jambo la ziada: lugha. Ukanda huu ni wa ajabu barani Afrika. Kiiraqw ni Kikushi. Kidatooga, lugha ya Wabarabaig, ni ya Kiniloti. Wanyaturu na Wanyiramba wa Singida jirani ni Wabantu. Na kwa upande wa ziwa Eyasi wapo Wahadzabe, ambao lugha yao haina ndugu anayejulikana kwa uhakika. Mtoto wa Nangwa anaweza kuanza maisha kwa Kiiraqw au Kidatooga. Darasa la kwanza anakutana na Kiswahili kama lugha ya masomo, ambacho hakina undugu na lugha ya mama yake. Akishakizoea, akishaweza kueleza kwa Kiswahili jinsi mvua inavyotokea, anaingia kidato cha kwanza na kuambiwa sasa baiolojia na jiografia ni kwa Kiingereza. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiendelee mpaka sekondari na zaidi. Haikuwa hivyo. Miaka zaidi ya 40 imepita, na bado mtoto anayejua kitu anaweza kupata sifuri kwa sababu hakuweza kukisema.

Mtoto huyo akiulizwa, atasema kwa Kiswahili, kwa kitenzi cha lugha ile iliyomshinda: "Nimefeli." Hata neno la kushindwa kwake ameazimwa.

Lakini lugha haikai kimya. Watu wa kawaida, bila tume wala semina, wamekifanyia kitenzi hiki ukarabati. Wa kwanza ni wanafunzi wenyewe. Walichukua feli wakaiwekea kiambishi cha kusababisha: felisha. "Hesabu ndiyo iliyonifelisha." "Ticha katufelisha." "Tumefelishwa." Mzazi akisikia hivyo anaona visingizio, na mara nyingine kweli ni visingizio. Lakini kisarufi ni kazi nzuri sana. Kwa silabi moja mtendaji aliyetoweka amerudishwa kwenye sentensi. Sasa lazima utaje aliyefelisha, na ukimtaja unaweza kubishiwa, unaweza kuulizwa ushahidi. Bila kujua, wale watoto wameirudisha maana ya Kilatini, ambayo anayeanguka ana mwenzake aliyemwangusha.

Ukarabati wa pili ni wa mtaani na mitandaoni. Barabara mpya ikipasuka kabla ya mwaka, timu ya taifa ikifungwa, mradi ukikwama, Mtanzania anatikisa kichwa na kuuliza: "Sijui tunafeli wapi." Yeye hakuijenga barabara ile wala hakucheza mpira ule, lakini anasema "tu-", na anamalizia kwa swali la "wapi". Hapo kufeli kunaondoka kwa mtu mmoja na kuwa mahali, mahali ambapo watu wanaweza kwenda kutazama, kama fundi anavyoinama chini ya gari kuangalia breki.

Mwaka 2023 NECTA iliacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora. Ni hatua, na ilihusu upande wa kufaulu. Upande wa kufeli hauhitaji tangazo la baraza lolote, kwa sababu kitenzi kiko midomoni mwetu. Matokeo yajayo yatakapotoka, majirani wa Nangwa wataulizana tena kwa sauti ya chini. Lile swali tunaloliulizia barabara na timu ya mpira, kwa nafsi ya "sisi" na "wapi" mwishoni, mtoto naye anastahili kuulizwa hivyohivyo.